Kisima cha Juu, Saa Nane Mchana

Siku mliponiaga kazini, mmoja wenu aliuliza tena lile swali ambalo mmenitania nalo miaka yote: kwa nini Mzee Mmunga hafungui kisima cha juu baada ya chakula cha mchana? Nikajibu kama kawaida kwamba mzee akishiba analala. Mkacheka, mkapiga makofi, mkanipa saa ya ukutani ambayo tayari inachelewa dakika sita. Sasa nimekaa hapa nyumbani, mjini Baraka, sina wa kumtuma wala wa kunituma, na nimeamua kujibu vizuri. Nitaanza mbali kidogo, maana jibu halieleweki mpaka mtu aelewe kwanza kazi yenyewe.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya ngozi. Mzee Wilondja, aliyekuwa mkubwa wetu kwenye visima vya Baraka, aliviangalia kwa muda mrefu kuliko alivyoniangalia mimi. Kisha akanikalisha juu ya ndoo iliyogeuzwa, akanipa kronometa, kalamu na daftari, akaniambia nisome kipimo kila dakika, baadaye kila dakika tano, baadaye kila nusu saa. Nilikaa pale tangu asubuhi hadi jua likazama nyuma ya milima. Nilipouliza tunatafuta nini, akasema:

"We andika tu. Kufikiri ni kazi ya kesho."

Kesho yake akatandaza karatasi ya miraba juu ya pipa, akanifundisha kufikiri. Maji ya huku kwetu, kati ya milima na ziwa, yamelala ndani ya mchanga, na juu ya mchanga huo kuna udongo mzito wa mfinyanzi uliofunika kila kitu. Mvua ya milimani inaingia kule juu na kuyasukuma haya ya chini, ndiyo maana ukitoboa ule udongo maji yanapanda yenyewe hadi nje. Huwezi kushuka kutazama mchanga umenenepa wapi na umeishia wapi. Unachoweza ni kufungua kisima, uache maji yatoke kwa kiasi unachokijua, upime msukumo unavyoshuka, halafu ufunge na kupima unavyorudi. Unachora mstari. Mstari ukilala, mchanga ni mpana na maji yanatembea vizuri. Ukiporomoka, usiwaahidi watu chochote.

Kupima msukumo tulikuwa na manometa, mpaka ilipoibwa mwaka wangu wa pili. Aliyeiiba alidhani ni saa. Nilisikia aliitundika ukutani kwake Kilembwe, na wageni walisifu ilivyo nzuri ingawa haitembei. Mzee Wilondja hakusumbuka. Alinunua tiyo ya plastiki ile inayoonyesha ndani, akaifunga kwenye bomba la kisima, akaisimamisha juu ya mlingoti wenye alama za sentimita. Kisima kikifungwa, maji yanapanda ndani ya tiyo na kusimama mahali msukumo unapofika. Unasoma kwa macho. Mpaka leo sijaona chombo cha wazungu kilichonidanganya mara chache kuliko tiyo ile, na mtaona mbele kwamba hata siku mbaya kuliko zote haikusema uongo hata kidogo.

Nawapa mfano mmoja wa alivyosoma. Kule Lubondja tulitoboa kisima kilichotufurahisha wote; siku nzima mstari ulishuka taratibu, wanakijiji wakaanza kuchinja kuku. Jioni mstari ukapinda, ukashuka kwa kasi mara mbili. Mimi nikasema nimesoma vibaya. Mzee akasema hapana, chini kule kuna ukuta wa mwamba, maji yamefika kwenye ukuta na hakuna mengine nyuma yake. Akawaambia watu kuku waliwe lakini kisima hiki kitatosha nyumba ishirini, siyo kijiji. Walimchukia msimu mzima. Baadaye mtu akichimba choo mahali Mzee alipoonyesha kwa kidole alikutana na mwamba kwenye kina cha mita tatu, na choo kikahamishwa.

Hapa Baraka tulikuwa na visima viwili. Cha juu kipo mguuni mwa mlima, kwenye mashamba ya mihogo. Cha chini kipo karibu na ziwa, nyuma ya bohari la zamani la pamba. Ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu, lakini katikati kuna mto mdogo wenye matete na daraja moja. Mwaka wangu wa tatu Mzee alifungua kile cha chini na kuniweka juu nisome tiyo. Baada ya muda maji yangu yakashuka sentimita tatu. Nilishangaa kama mtoto. Sikuwa nimegusa kitu, na mtu aliye ng'ambo ya mto alikuwa ameyashusha maji yangu. Mzee alipopanda kuja kutazama daftari alifurahi sana.

"Bile bisima biko ndugu," alisema. "Mumoja akikunywa, mwenzake anasikia."

Alikuwa pia na desturi ambayo wote tuliorithi kazi yake tunaifuata. Kisima kisipotumika, mchanga mwembamba unalala kwenye chujio na kuliziba. Kwa hiyo kila asubuhi alikifungua kile cha chini saa nzima, akakipumzisha nusu saa, akafungua tena, mara tatu. Hakuna mwingine katika Fizi nzima aliyefungua kisima namna hiyo. Nilipokuwa juu niliweza kuona kwenye tiyo yangu mabonde matatu, maji yakishuka na kupanda mara tatu, na kujua Mzee ameamka, amekunywa chai na yupo kazini.

Kisha ikaja vita ya kwanza, mwanzoni mwa mvua. Mke wangu na watoto walipata mtumbwi wa mota wa kwenda Kigoma. Mimi nilikuwa niwafuate. Asubuhi hiyo Mzee Wilondja aliniita bohari. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba kwa miezi kadhaa, na alikuwa ameshakataa mitumbwi mitatu.

"Mmunga, panda ufunge kile cha juu," aliniambia. "Funga kabisa. Bale batu bakifika bakute hakuna maji, batapita. Kisha ushike njia ya Lubondja. Usirudie huku."

"Na weye, Muzee?"

"Mi niko na kazi yangu. Enda."

Nilikwenda. Nilikifunga kisima, nikasimama pale nikiwa na begi mgongoni, na kabla sijachukua njia nikasikia milio ya bunduki upande wa mto. Wenye bunduki walikuwa wameshika daraja na kuweka bariyeri, kizuizi chao, juu yake. Njia ya Lubondja ilikuwa bado wazi nyuma yangu. Sitaki mtu aniambie nilikwama. Niliingia kwenye kibanda chetu cha vifaa, katikati ya mihogo, nikajiambia nitalala siku moja tu nione.

Asubuhi yake nikatazama tiyo. Sijui kwa nini. Labda kwa mazoea tu. Maji yalishuka, yakapanda, yakashuka, yakapanda, yakashuka. Mabonde matatu. Mvua kubwa ikikaribia maji ya tiyo yanaweza kusogea kidogo, kwa sababu ya hewa, lakini hewa haiji kwa zamu na kupumzika nusu saa. Nililia. Mzee Wilondja alikuwa hai, mita mia saba kutoka kwangu, na anasafisha chujio kama vile dunia haina habari.

Siku hiyo sikuondoka, wala iliyofuata. Nilijipa sababu nzuri: bariyeri ikitoka nitavuka, nimbebe mgongoni, tupande wote Lubondja. Nilikula mihogo na sombe, yaani majani yake, bila mafuta, nilikunywa maji ya mtaro. Kwa siku nyingi sikusikia sauti ya mtu ila ile ya mbali ya walevi wa bariyeri. Nilianza kuongea na vifaa. Spana kubwa nilikuwa naigombeza hasa. Mnacheka, lakini kaeni peke yenu wiki mbili, mtaona mtaongea na nini. Upweke ule sikuwahi kuusema nyumbani kwangu, kwa sababu mke wangu aliamini nilichelewa kwa ajili ya bariyeri, na mimi nilimwacha aamini.

Kila asubuhi niliishi kwa ajili ya mabonde yale matatu. Nilikaa juu ya ndoo, daftari gotini, kama siku yangu ya kwanza. Bonde la kwanza likichelewa dakika kumi, niliinuka kuigonga tiyo kwa kidole. Likitokea, nilisema kwa sauti, "Muzee, habari ya kuamka."

Siku ya nne nikapata wazo, na wazo hilo ndilo sababu ya barua hii. Yeye ana tiyo pia, kule chini. Nikifungua mimi, yake itashuka. Atajua nipo. Basi saa nane mchana, wakati walevi wa bariyeri wamelala, nilifungua vane, ile koki kubwa ya chuma, polepole isipige kelele. Saa nzima, kupumzika nusu saa, mara tatu. Mtindo wake mwenyewe, ili asikosee ni nani. Maji yalitiririka kwenye mtaro chini ya majani ya mihogo na hakuna aliyekuja. Kesho yake asubuhi mabonde matatu yalikuwepo tena, na mimi nikaandika kwenye daftari: Amejibu.

Yangekuwepo hata nisingefungua. Nilikuwa nimefundishwa miaka kadhaa kutofautisha jibu na mazoea, na siku ile elimu yote ilinitoka kwa sababu nilitaka rafiki. Niliendelea kumsalimia kila saa nane mchana, kwa muda wa siku thelathini na nne. Hiyo ilikuwa furaha yangu ya siku, na sitaki kudanganya kwamba ilikuwa ndogo.

Siku ya thelathini na nane wenye bunduki waliondoka darajani. Nilingoja siku moja, kisha nikachemsha mihogo, nikafunga kwenye jani pamoja na tumbaku kidogo niliyokuwa nimemhifadhia, nikavuka. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya utani. Nilikusudia kumwambia kwamba bonde lake la tatu lilikuwa dhaifu tangu wiki ya pili na kwamba anazeeka.

Bohari lilikuwa kimya. Vane ya kisima ilikuwa wazi, maji yakikimbilia kwenye matete, saa yake ya kwanza ya asubuhi. Niliita. Mtu alitoka nyuma ya mlango na panga mkononi: mwanamke mrefu wa miaka kama arobaini, amefunga kitenge kichwani, mmoja wa watu wa ng'ombe wa kule juu Minembwe. Siku zile watu wa kwao walikuwa wakitafutwa Baraka nyumba kwa nyumba, na waliopatikana hawakuonekana tena. Mimi ni Mbembe, kabila la huku chini. Aliangalia sura yangu na akajua hivyo, na panga halikushuka.

"Mi niko mutu wa Muzee Wilondja," nilisema. "Wa kisima."

"Ule alitumaka Lubondja?"

"Ndiyo ule. Yeye iko wapi?"

Akashusha panga. Jina lake ni Mama Nyamahoro. Alikuwa ameteremka Baraka kuleta jibini sokoni siku mbili kabla ya vita, na Mzee alimficha juu ya dari la bohari, kwenye magunia ya zamani. Alinipeleka nyuma ya ukuta na kunionyesha kaburi aliloliweka upande wenye kivuli. Alilichimba peke yake kwa jembe lisilo na mpini. Mzee alikuwa amekufa siku ya kumi na moja.

Nilikaa chini. Nilimuuliza ni nani basi aliyekuwa akifungua kisima.

"Ni mi," alisema. "Alinifundisha mbele ya kufa. Saa moja, upumzike, saa moja, upumzike. Alisema usipofanya hivi, muchanga itaziba. Mi sijue kisima, lakini alinificha. Nitaacha kazi yake iharibike?"

Nilifungua daftari langu hapo hapo. Siku ya kumi na moja: sentimita tatu, tatu, mbili na nusu. Siku ya kumi na mbili: tatu, tatu, mbili na nusu. Nilikuwa nimeandika pembeni, Mzee yuko vizuri.

Nilimuuliza alikufa na nini. Nilidhani atasema mguu.

"Haikuwa muguu. Ni kifua. Sababu ya mvua." Akanyoosha kidole kwenye tiyo ya Mzee, iliyokuwa kwenye mlingoti wake kama yangu. "Alinionyesha hii. Alisema, kule juu nimefungisha, mutu wangu alishaenda. Haya maji ikishuka na sisi hatujafungua, ujue bale ba bunduki bamefika kule, na batateremuka huku. Tutoke mu nyumba. Siku tano hivi, ikashuka. Kila kisha midi, saa nane! Mi namuvuta juu ya shiti ya kitanda, tunaingia mu matete, tunakaa mpaka giza. Kila siku mvua inatupiga mule. Yeye iko na homa. Siku ya saba hakuweza tena kusema muzuri."

Nilifunga daftari.

"Siku moja alisema, huyu anafungua kama mutu wangu," aliendelea. "Kisha akacheka kidogo. Akasema, hapana, yeye nilimwambia aende, na yeye anasikiaka."

Akaosha mikono kwenye maji ya kisima. Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka tu kumaliza hesabu ya mambo:

"We umetoka upande ule. Bale batu ba kule juu balikuwa nani?"

Nikasema, "Sijue, Mama."

Hilo ndilo neno nililomjibu. Nilikuwa na daftari mkononi, na kila saa nane mchana imeandikwa ndani yake kwa mwandiko wangu. Nilimpa mihogo. Tumbaku niliiweka juu ya kaburi, kisha nikaona aibu, nikaichukua, halafu nikairudisha. Tulikaa bohari siku nne. Tulifungua kisima asubuhi kwa zamu, mchana hakuna aliyekigusa, na saa nane Mama Nyamahoro alikuwa bado anatazama tiyo. Haikushuka. Alisema Mungu amewaondoa wale watu, na mimi niliitika Amina. Siku ya tano nilimpitisha vijia vya nyuma mpaka mahali watu wa kwao walipokuwa wakipandia milimani, kisha nikatafuta mtumbwi wa Kigoma.

Mengine mnayajua au hayana maana. Nilirudi, nikakimbia tena vita ya pili, nikarudi tena. Mmenikuta nikiwa mkubwa wa visima na mkali wa daftari. Wengi wenu niliwafokea kwa kosa moja: kuandika kwenye safu ya vipimo maneno kama "wanafua" au "shule imefungua" kila tiyo iliposhuka. Mlidhani ni ukorofi. Maji yatawaambia kiasi gani kimetoka, lini, na pengine umbali gani. Aliyefungua ni nani, na anakusudia nini, hayawezi kusema, hata ungependa kiasi gani. Mimi nilisoma rafiki mahali palipokuwa na mgeni, na yule mgeni alisoma adui mahali palipokuwa na mimi, na tiyo zote mbili zilikuwa sahihi kwa nusu sentimita.

Minembwe nimepanda mara mbili kikazi, kutega chemchemi. Mara zote mbili Mama Nyamahoro alinipokea, akanipa maziwa, akawaambia majirani, "Huyu ni mutu wa Muzee Wilondja." Mara ya pili nilikuwa nimejipanga kabisa. Nilianza kusema, "Mama, ile tiyo," na yeye akanikatiza kunijazia kikombe. Nikanywa. Nilishuka na pikipiki siku iliyofuata nikijiona mwoga, na ndivyo nilivyokuwa. Siku hizi magoti yangu hayataki tena ile njia, na pikipiki zinaniogopesha kuliko bunduki.

Najua watatu wenu mtapanda mwezi ujao kwa ajili ya bomba la kanisa. Nyumba yake ni ya pili baada ya kanisa hilo, yenye zizi la mawe. Mchukulieni chumvi ya kilo tano kutoka kwangu, ya ng'ombe na ya jikoni. Msimsomee barua hii yote. Kiswahili chake ni cha kuongea, na habari za mchanga na mistari zitamchosha. Ngojeni amalize kuwamiminia maziwa, maana akianza kumimina hasikilizi. Kisha mmoja wenu, yule mwenye sauti nzuri, amwambie kwamba Mmunga ametuma jibu la lile swali aliloulizwa bohari.

Mwambieni hivi: bale batu ba kule juu balikuwa mutu mumoja, na alikuwa anasalimia.